HEWA YA WINGWI IPIMWE KABLA YA VISIMA NA VIWANDA

Mwaka 2017 ndege ya upimaji iliruka juu ya visiwa vyetu kwa mistari iliyonyooka, ikienda na kurudi kama mkulima anayefuata matuta yake. Kazi yake ilikuwa kupima mvutano wa ardhi, ili wataalamu wajue miamba ya chini imekaa vipi na ni wapi panapoweza kujificha mafuta au gesi. Mwaka huo huo meli ya utafiti ikapita baharini ikipeleka mitetemo chini ya sakafu ya bahari kwa madhumuni hayo hayo. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatiliana saini na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji katika kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Tunayakumbusha haya bila ya kumlaumu mtu. Nchi iliyo na mali chini ya ardhi yake ina haki ya kuitafuta, na kwa Pemba habari ya mafuta si ya jana wala ya juzi. Dalili za mafuta yanayojitokeza yenyewe ardhini zilijulikana zamani huko Tundaua, na kisima cha utafutaji kilichimbwa kisiwani humu na BP na Shell mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunachokisema leo ni kwamba yaliyo chini yetu yamekwisha kupimwa kwa ndege na kwa meli, na sasa ni zamu ya kuipima hewa iliyo juu yetu. Nasi tunataka ipimwe mapema, wakati bado haina kesi na mtu.

Tunaitaja Wingwi kwa sababu zilizo wazi. Vijiji vyake, Mapofu, Mtemani, Njuguni na Mjananza, viko katika Wilaya ya Micheweni, na ndani ya wilaya hiyo ndimo ilimotengwa ardhi ya Eneo Huru la Uchumi ili siku moja viwanda vijengwe. Watu wake ni wavuvi, ni wakulima wa muhogo, ni kina mama wanaoinama majini kufunga mwani tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Mtu wa namna hiyo huivuta hewa ya mahali pake kuliko sisi tulioketi maofisini. Kaskazi ikivuma, chochote kitokacho upande wa kaskazini mashariki humjia yeye. Kusi ikivuma, yeye humpelekea jirani yake. Na tena Wingwi iko mbali na Chake Chake, mbali zaidi na Unguja. Ilivyo desturi ya mambo, kifaa cha Serikali kinachokusudiwa kufika kaskazini ya Pemba huanza kwa kupumzika Unguja, na mara nyingine hupumzika huko moja kwa moja.

Kwa karne nyingi chombo chetu cha kupimia hewa kimekuwa pua. Wazee wa vyombo walizoea kusimulia kwamba harufu ya karafuu iliwafikia kabla ya minazi ya pwani kuonekana. Hata leo mwenyeji anaijua harufu ya tanuri la chokaa, ya makonyo yanayochemshwa kiwandani Wawi, ya matope ya mikoko maji yanapokupwa. Pua ni chombo kizuri, lakini ina udhaifu wake. Methani haina harufu. Kaboni dioksidi haina harufu. Gesi ya yai bovu, ambayo wanakemia huiita haidrojeni salfaidi, na ambayo wachimbaji wa visima huiogopa kuliko nyingi nyingine, ina hila mbaya zaidi: ikiwa kidogo hunuka sana, na ikizidi huiua kwanza hisi ya kunusa, hata mtu akadhani imeondoka, kumbe imeongezeka.

Kuna njia nyingine ya kuijua hewa, nayo inatumia miale isiyoonekana. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, huko Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi zake, kisha akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kando ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kipimajoto kikapanda zaidi. Hiyo ndiyo miale tunayoiita leo infraredi, miale ya joto. Mwaka 1859 John Tyndall akaonyesha kwamba gesi huizuia miale hiyo kwa kadiri zinazotofautiana, na tangu hapo elimu hii haikurudi nyuma.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kila aina ya molekuli ni kama udi uliokazwa nyuzi kwa namna yake. Huitikia sauti zake na kuziacha nyingine zipite. Miale ya infraredi ikipita katika gesi, gesi hiyo huchukua sehemu inayolingana na mtikisiko wake. Amonia huchukua sana karibu na mikroni 10, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya mita. Methani huchukua karibu na mikroni 3.3 na 7.7, na salfa dioksidi karibu na 7.3 na 8.6. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, takriban hazichukui chochote, na ndiyo maana chombo kinaweza kuzitazama nyingine kupitia kwao. Chombo chenyewe, yaani spektromita, huipokea miale, huigawa, na kuonyesha mahali palipopungua. Mahali hapo ndipo palipo na jina la gesi, na kadiri ya upungufu ndiyo wingi wake.

Faida kubwa ni kwamba hakuna haja ya mtu kuingia ndani ya moshi na chupa mkononi. Taa yaweza kuwekwa upande mmoja wa uwanja na spektromita upande wa pili, mita mia kadhaa kati yao. Au chombo chaweza kutumia joto la jua, la ukingo wa mlima, au la mbingu iliyo nyuma ya moshi. Mstari mmoja wa miale hueleza tu jumla ya gesi iliyomo katika mstari huo. Lakini chombo kikizungushwa na kupitisha mistari mingi, au vyombo viwili vikilitazama wingu lile lile kutoka pande mbili, hupatikana sura yake: limeanzia wapi, limetanuka vipi, limelalia kijiji gani. Ukiongeza kasi ya upepo, unapata hesabu ya kilo ngapi zinazotoka kila saa. Hiyo ndiyo ramani ya wingu la gesi. Mwananchi aliye nayo huenda ofisini na ushahidi. Asiye nayo huenda na manung'uniko, na sote tunajua manung'uniko hupokewa vipi.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. Miale hii imetumika katika nchi yetu na kwa majirani zetu. Kwenye mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu, wataalamu wa volkano walizipima gesi kwa spektromita ya infraredi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Kwenye Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, ziwa la lava lenyewe liligeuzwa kuwa taa: miale ya joto lake ilipita katika gesi zinazopanda, na chombo kikaisoma. Watu wa huko wanahitaji sana elimu hiyo, kwani mbali na lava iliyoshuka mjini mwaka 2002 na tena Mei 2021, wana adui mwingine wanayemwita mazuku, kwa Kiswahili chao. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Mtoto au mbuzi akishuka bondeni asubuhi huenda asipande tena. Na wasiojua uzito wa jambo hili wakumbuke Ziwa Nyos huko Kamerun, ambako usiku wa Agosti 21, 1986, gesi hiyo hiyo ilitoka ziwani na kuua watu wapatao 1,700.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Ziwa Natron, na tunaomba wasomaji watuvumilie tuueleze kwa kituo. Satelaiti za Ulaya ziitwazo Metop, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2006, zimebeba chombo cha infraredi kiitwacho IASI. Mwaka 2018 wataalamu wa Université libre de Bruxelles ya Ubelgiji na wenzao walitangaza ramani ya dunia ya amonia waliyoitengeneza kwa vipimo vya miaka mingi vya chombo hicho. Walikuta zaidi ya vyanzo mia mbili vilivyokusanyika mahali pamoja, na vile walivyoweza kuvitambua vilikuwa takriban vyote vya viwanda, kama vya mbolea, au vya mashamba makubwa ya mifugo. Kimoja tu kilikuwa cha asili. Nacho ni Natron yetu, kaskazini ya Tanzania, ambapo hakuna kiwanda hata kimoja. Baadaye ikaelezwa kwamba amonia ile hutoka katika matope ya chumvi ya ziwa hilo yanapokauka.

Sasa tufikiri. Katika miaka ya 2000 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya Natron, mpango uliopingwa kwa sababu ya flamingo wanaozaliana hapo. Lau kiwanda kile kingejengwa, halafu mtu akaja na chombo akaikuta amonia, nani angeamini kwamba ni matope? Wananchi wangeapa kuwa ni kiwanda. Na kama kiwanda nacho kingekuwa kinatoa amonia yake, mwenye kiwanda angeapa kuwa ni matope. Kila upande ungekuwa na nusu ya ukweli, na hakimu asingekuwa na pa kushika. Kinachoondoa mgogoro wa namna hiyo ni daftari moja tu: daftari la vipimo vilivyochukuliwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Wingwi ina matope yake. Mikoko ya pwani zetu na mabonde ya mpunga hutoa methani kwa maumbile yake, na matope ya mikoko hutoa harufu ya yai bovu tangu dunia ilipoumbwa. Jiko la kuni lina gesi zake, na tanuri la chokaa lina zake. Karafuu zilizoanikwa nazo zina mvuke wao. Huo ndio unaotupendeza puani, na nao pia chombo cha infraredi kinauona. Kisima cha gesi kikichimbwa karibu nasi, au kiwanda kikifunguliwa Micheweni, na baada ya miaka mitano kina mama wa mwani wakalalamika vifua vinabana, swali la kwanza litakaloulizwa ni hili: je, hali ilikuwaje kabla? Tukikosa jibu, mjadala utakwisha siku hiyo hiyo, na hautakwisha kwa faida ya kina mama. Tunasema pia, kwa haki, kwamba mwenye kiwanda mwaminifu naye atadhulumiwa, kwa kubebeshwa harufu ya matope ambayo babu zetu waliinusa.

Kwa hiyo tunataka vipimo vianze sasa, na visiwe vya wiki moja. Mtaalamu anayekuja Jumatatu, akapima Jumanne kukiwa na anga safi na upepo mwanana, akaondoka Jumatano na ripoti yenye jalada zuri, hakuipima hewa ya Wingwi. Ameipima Jumanne. Hewa ya kisiwa hubadilika na pepo zake: kaskazi, masika, kusi, vuli, na zile siku za katikati ambapo upepo hufa kabisa na moshi ukajilaza chini. Siku hizo za utulivu, hasa alfajiri, ndizo za hatari, maana gesi haiendi popote. Uchache wa uchache ni mwaka mzima, na miaka miwili ingekuwa bora.

Wapo watakaosema kwamba satelaiti zinatosha, kwa kuwa hupita bure. Haziwezi kutosha. Doa moja la IASI juu ya ardhi lina upana wa takriban kilomita 12. Pemba yote, kwa upana wake, haifiki madoa mawili kamili, na vijiji vya Wingwi vyote, pamoja na mashamba yao na sehemu ya bahari yao, vinaingia ndani ya doa moja na kupotea. Satelaiti hiyo hupita asubuhi yapata saa tatu na nusu na usiku saa kama hiyo. Litokalo alasiri haliulizi ratiba yake. Nazo satelaiti nyingine, zinazotafuta methani kwa mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, hupata taabu juu ya bahari kwa kuwa maji ni meusi machoni pao, na kisiwa kimezungukwa na maji. Wakati wa masika mawingu hufunga kila kitu. Satelaiti zitusaidie kwa picha kubwa. Kazi ya kijiji itafanywa kijijini.

Na wale watakaopewa dhamana ya kununua chombo, tunawaomba wasinunue kwa kutazama picha katika kitabu cha muuzaji. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mvuke wa maji nao huchukua infraredi kwa pupa, ukafunika alama za gesi nyingine. Chombo kilichofanya kazi vizuri katika nchi kavu na baridi huenda kikasumbuka hapa. Basi kijaribiwe hapa kabla ya kulipiwa. Ile gesi ya yai bovu alama yake katika infraredi ni dhaifu sana, hivyo kwa hiyo viwekwe vipima vya aina nyingine, vidogo na vya bei nafuu, karibu na kazi na karibu na nyumba. Vumbi la madini kama risasi spektromita hii haliambui kabisa. Tunayasema haya kwa sababu tumekwisha kuona katika nchi nyingi za Afrika kifaa kizuri kikinunuliwa kwa kazi isiyo yake, kikawekwa chumbani na kufunikwa kitambaa.

Habari ya risasi inatufikisha Mombasa, kwa ndugu zetu wa mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ubavuni mwa nyumba zao mwaka 2007, na kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Miongoni mwa ushahidi uliowasaidia ni damu ya watu wenyewe iliyopimwa ikakutwa na risasi. Hatuna budi kulitazama jambo hili kwa uchungu: kwa kukosa kupimwa hewa na udongo kwa wakati wake, waliogeuzwa vipima ni wananchi, watoto wakiwemo. Hatutaki chombo cha kupimia hewa ya Wingwi kiwe kifua cha mtoto wa Wingwi.

Hata mataifa tajiri hukosea katika jambo la wakati. Februari 3, 2023, gari moshi lililobeba kemikali liliacha reli katika mji wa East Palestine, jimbo la Ohio, Marekani. Februari 6 wakuu wakaamua kuichoma kwa makusudi vinili kloraidi iliyokuwamo katika mabehewa matano, na wingu jeusi likapanda mpaka likaonekana mbali. Marekani ina ndege maalumu iitwayo ASPECT, mali ya shirika lake la mazingira, yenye spektromita ya infraredi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mawingu ya namna hiyo hasa. Huifuata gesi angani na kuwapelekea walio chini ramani yake. Ndege hiyo hukaa Texas. Ilipita juu ya mji ule Februari 7, siku ya pili baada ya moto. Chombo kilikuwapo, wataalamu walikuwapo, fedha zilikuwapo; saa iliyohitajika ikapita. Kama hilo limetokea katika nchi yenye viwanja vya ndege kila mji, tujiulize itakuwaje kwetu ikiwa chombo kitafungiwa Unguja, na funguo anazo ofisa aliye safarini Dodoma.

Wenye umri wetu hawajausahau usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, huko Bhopal, India, ilipovuja takriban tani 40 za methili aisosayaneti kutoka kiwanda cha dawa za wadudu, na upepo ukaisukuma kwenye vibanda vya maskini. Madaktari walipokea maelfu ya watu waliokuwa wakikohoa na macho yakiwawaka, bila ya kuambiwa kwa uhakika wamevuta nini. Daktari asiyejua jina la sumu hutibu kwa kubahatisha. Chombo kinachotaja jina la gesi ndani ya dakika chache kina thamani kwa hospitali kama kilivyo na thamani kwa mahakama, na hospitali ya Micheweni iwe ya kwanza kupigiwa simu, kabla ya mtu yeyote kuandika barua kwa mkubwa wake.

Sasa tuje kwenye suala la nani ashike nini, maana hapa ndipo mambo huharibika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na ipo mamlaka ya kusimamia jambo hilo, ZEMA. Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ya mwaka 2016 nayo imeunda mamlaka ya kusimamia utafutaji, ZPRA. Sheria hazikosekani. Tunachokiogopa ni desturi iliyoenea duniani kote, ambapo mwenye mradi huajiri wapimaji, huwalipa, huwapa usafiri na chakula, kisha ripoti yao ndiyo hukumu. Hatusemi kwamba wapimaji hao ni waongo. Tunasema kwamba mzani wa sokoni hauwekwi chini ya meza ya muuzaji. Kampuni zichangie gharama, ndiyo, na mchango huo uandikwe ndani ya mikataba. Lakini chombo kiwe mali ya Serikali, wapimaji wawe watumishi wa umma, na tarakimu ziwe za wananchi.

Na chombo hicho kikae Pemba. Wanaosema Pemba haina uwezo wa kutunza maabara waende Wawi wakaitazame Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo tangu mwaka 2000 imekuwa ikifanya utafiti wa kichocho, minyoo na maradhi mengine kwa kiwango ambacho dunia inakitambua, na vijana wa kisiwa hiki wakiwa kwenye hadubini zake. Mkono uliojifunza kutambua yai la mnyoo kwenye kioo hautashindwa kutambua alama ya methani kwenye karatasi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kichague vijana, wake kwa waume, wa fizikia na kemia, na kiwapeleke kusoma kwa sharti la kurudi. Tunasisitiza sharti hilo, kwa sababu kijana aliyejua kutumia chombo kama hiki anatafutwa na Ghuba yote.

Jambo la mwisho ni lugha. Vipimo vya Oldoinyo Lengai na vya Natron vimechapishwa katika majarida ya kigeni, kwa Kiingereza. Mmasai anayechunga chini ya mlima ule, ambaye pua yake ndiyo inayopokea gesi zile, hakuandikiwa. Hatulaumu wageni, walikuja na vyombo vyao na wakaandika kwa wenzao. Lakini vipimo vyetu wenyewe vikiandikwa kwa namna hiyo hiyo, tutakuwa tumejifanya wageni nyumbani kwetu. Kila mwezi karatasi moja ibandikwe katika ofisi ya kila sheha wa Wingwi na Micheweni, kwa Kiswahili: gesi gani imeonekana, kiasi gani, upepo ulikuwa upi, na kiasi cha salama ni kipi. Sheha apewe mafunzo ya kuieleza. Karatasi hiyo isiwe siri, wala isisubiri idhini ya wizara kila mwezi, kwani hewa haiombi idhini kuingia pafuni.

Tunafahamu kwamba spektromita moja inagharimu fedha nyingi, na kwamba hospitali zina mahitaji, na skuli zina mahitaji. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ianze na kilicho rahisi, bila ya kungoja kikubwa. Iwekwe milingoti ya kupima upepo, mmoja Wingwi na mwingine Micheweni, ili mwenendo wa pepo ujulikane saa kwa saa. Viwekwe vipima vidogo vya gesi kwenye skuli, na walimu wa sayansi wapewe daftari la kuandika, maana mwanafunzi anayesoma kemia kwa kuipima hewa ya kijijini kwake hataisahau. Vituo vya afya viandike idadi ya wanaokuja na vikohozi na pumu, kwa tarehe na kwa kijiji. Serikali ikiomba spektromita kwa mkopo kutoka chuo kikuu cha nje kwa mwaka mmoja, na wataalamu wetu wakasimama nayo bega kwa bega, tutakuwa tumeanza kwa gharama inayobebeka.

Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Kaskazini Pemba inaweza kuziita ZEMA, ZPRA, chuo kikuu na masheha katika kikao cha siku moja, na kikao hicho kifanyike Wingwi kwenyewe, ili wajumbe waione pwani inayozungumzwa. Tunaomba kiitishwe kabla ya kaskazi kuanza kuvuma mwezi wa Desemba, na milingoti ya upepo iwe imesimama siku ya kwanza ya upepo huo.